Dola ikishuka, nani anabeba hasara ya bei ya mtandaoni?

(Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumzie jambo linaloonekana kuwa la mafundi wa kompyuta peke yao, lakini ambalo mwishoni mwa mwaka 2024 nusura limvunjie heshima dada yangu wa damu. Jambo lenyewe ni bei katika duka la mtandaoni, na namna bei hiyo inavyogeuzwa kutoka shilingi kwenda dola, riali, yuro au sarafu nyingine ya mnunuzi.

Dada yangu ni mweka hazina wa kikundi kidogo cha wafuga nyuki upande wa Itigi, hapa mkoani Singida. Asali ya Itigi na Manyoni haihitaji kupigiwa debe. Mwanawe, yaani mpwa wangu, alipomaliza chuo aliona si haki asali hiyo iishie kuuzwa kando ya barabara tu. Akakitengenezea kikundi tovuti yenye picha za chupa, maelezo mafupi, bei, na mahali pa kubonyeza ili kununua. Bei ya chupa ya kilo moja ilikuwa shilingi 15,000.

Kijana akafikiri mbele zaidi. Mnunuzi aliyeko Muscat au Berlin, alisema, hajui shilingi 15,000 ni fedha nyingi au kidogo. Basi akataka kuweka na bei ya dola. Ilikuwa Oktoba 2024, na dola moja ilikuwa ikienda kwa takriban shilingi 2,700. Akagawa 15,000 kwa 2,700, akapata dola 5.56. Akaiandika kwenye ukurasa, akafunga kompyuta, akaenda kulala.

Wanunuzi wa nje wakaja, wengi wao Waswahili walioko Oman. Chupa 200 zikaondoka. Fedha zikaingia kwa dola, na Desemba kikundi kikaziuza benki ili kipate shilingi za kugawana. Lakini kufikia Desemba shilingi yetu ilikuwa imepata nguvu, na dola imeteremka hadi karibu na shilingi 2,400. Kitabu cha kikundi kilisema chupa 200 kwa shilingi 15,000 ni shilingi 3,000,000. Karatasi ya benki ilisema dola 1,112 kwa shilingi 2,400 ni shilingi 2,668,800. Pungufu: shilingi 331,200.

Katika kikao, mzee mmoja akauliza swali ambalo mweka hazina yeyote hulichukia: "Mama, hizo laki tatu zimekwenda wapi?" Usiku ule dada akanipigia simu, sauti imemkauka. "Kaka," aliniambia, "mimi sijala senti ya mtu."

Ni kweli hakula. Hakuna binadamu aliyekula. Fedha ile ililiwa na kiwango cha kubadilishia fedha, kwa sababu bei ya shilingi iliandikwa siku moja kwa dola, ikaachwa hapo, na dola yenyewe ikaendelea na safari zake.

Hapa inafaa tukumbushane kidogo tulikotoka. Benki Kuu ya Tanzania ilipofunguliwa Juni 1966, na shilingi ya Tanzania kuchukua nafasi ya ile ya Bodi ya Sarafu ya Afrika ya Mashariki, dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi 7 na senti 14. Ilipangwa hivyo, na mwananchi wa kawaida hakuwa na sababu ya kuifikiria kila asubuhi. Kwa miaka mingi iliyofuata, kushika fedha za kigeni bila kibali kulikuwa kosa. Mambo yalibadilika kwa Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 1992. Maduka ya kubadilishia fedha yakaruhusiwa, na mwaka 1994 mabenki yakaanza kuuziana fedha za kigeni katika soko lao. Tangu hapo thamani ya shilingi hupanda na kushuka kama bei ya vitunguu. Mwaka 2024 pekee dola ilipita shilingi 2,700, kisha ikamaliza mwaka ikiwa chini ya 2,500. Hata hivyo wengi wetu tunaandika bei ya dola kana kwamba bado tuko mwaka 1966.

Ndugu msikilizaji, kabla hatujaingia kwenye kompyuta, twende kwanza Shelui, chini ya mlima Sekenke. Barabara ile ndiyo inayopitisha malori kutoka Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Miaka ya nyuma niliwahi kukaa kwa mama ntilie mmoja pale, dereva wa Kinyarwanda akala wali kuku, akagundua kuwa shilingi zimemwishia. Akatoa faranga. Mama hakuwa na kompyuta. Alifanya mambo manne. Kwanza, alijua bei ya wali wake kwa shilingi, na hakuiyumbisha. Pili, alimtuma mtoto kwa mwenye duka akaulize faranga inanunuliwa kwa ngapi leo. Tatu, akaongeza kidogo, kwa sababu huyo mwenye duka naye angemkata. Nne, akamwambia dereva waziwazi: "Hiyo ni bei ya leo. Kesho usiniambie jana ulilipa hivi."

Yote ambayo fundi mzuri wa tovuti anatakiwa kuyafanya yamo katika mambo manne ya yule mama. Tuyachukue moja baada ya jingine.

La kwanza ni bei ya msingi. Katika kumbukumbu za duka la mtandaoni, kila bidhaa iwe na bei moja tu iliyohifadhiwa, kwa sarafu ambayo muuzaji anaitumia kulipa gharama zake. Mfuga nyuki wa Itigi hununua mizinga, chupa na nauli kwa shilingi. Basi bei yake ya msingi ni shilingi. Dola, riali na yuro zisihifadhiwe kama bei. Zihesabiwe upya kila mnunuzi anapofungua ukurasa. Kosa la mpwa wangu lilikuwa hilo: aliigeuza dola 5.56 kuwa bei, wakati ilikuwa tafsiri ya bei kwa siku moja. Laiti ukurasa ungekuwa unahesabu wenyewe, mnunuzi wa Desemba angeonyeshwa dola 6.25, na kikundi kingepata karibu na shilingi zake 15,000.

La pili ni kiwango chenyewe kinatoka wapi. Benki Kuu ya Tanzania hutangaza viwango kila siku ya kazi. Ziko pia kampuni zinazouza au kutoa bure viwango ambavyo programu ya tovuti inaweza kuvichukua yenyewe kupitia intaneti. Lakini angalia hapa. Huduma nyingi za bure huchota viwango kutoka Benki Kuu ya Ulaya, na katika orodha ya benki hiyo, kwa Afrika nzima, imo randi ya Afrika Kusini peke yake. Shilingi ya Tanzania haimo. Isitoshe, benki hiyo yenyewe husema viwango vyake ni vya taarifa tu, si vya kufanyia biashara. Kwa hiyo fundi asiunganishe huduma ya kwanza anayoiona. Aulize kwanza kama shilingi yetu imo, na inahuishwa mara ngapi.

Aidha, kiwango lazima kiandikwe pamoja na tarehe yake. Siku intaneti ikikatika, au huduma ile ikifungwa, ukurasa utaendelea kutumia kiwango cha mwisho bila kumwambia mtu. Siku moja si neno. Miezi miwili ni msiba, kama tulivyoona. Afadhali programu iamrishwe hivi: kiwango kikizeeka kupita siku mbili au tatu, ficha dola, onyesha shilingi peke yake. Mnunuzi atakayekosa kuona bei kwa dola atasumbuka kidogo tu. Atakayeonyeshwa bei ya uongo ataleta ugomvi.

La tatu ni tofauti ya kununua na kuuza. Ukienda benki utaona namba mbili: wanayonunulia dola na wanayouzia. Katikati yake kuna kiwango cha wastani, na hicho ndicho tovuti nyingi hutumia. Tuseme benki inanunua dola kwa 2,400 na kuuza kwa 2,450. Wastani ni 2,425. Ukigawa 15,000 kwa 2,425 unapata dola 6.19. Lakini wewe muuzaji benki hainunui dola zako kwa wastani. Inazinunua kwa 2,400. Dola 6.19 zinakupa shilingi 14,856. Ongeza ada ya kampuni inayopokea malipo ya kadi. Tuseme ni asilimia 3. Zinabaki dola 6 kamili, sawa na shilingi 14,400. Shilingi 600 zimepotea katika kila chupa, na hapo hakuna dola iliyopanda wala kushuka. Dawa ni ile ya mama wa Shelui: tumia kiwango ambacho benki yako itanunulia, kisha ongeza kidogo kwa ajili ya ada. Mnunuzi haonewi, maadamu anaiona bei kamili kabla ya kulipa.

La nne, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, ni kusema waziwazi bei ni ya lini na itakatwa kwa sarafu gani. Kuna tovuti za aina mbili. Ya kwanza huonyesha dola lakini hukata shilingi. Hapo dola ni makadirio tu, na benki ya mnunuzi ndiyo itakayobadilisha kwa kiwango chake. Ya pili huonyesha dola na kukata dola hizo hizo. Katika ya kwanza, tofauti ya kiwango inabebwa na mnunuzi. Katika ya pili inabebwa na muuzaji. Zote mbili ni halali kibiashara. Kisicho sawa ni ukurasa usiosema ni ipi kati ya hizo mbili, kwa maana tofauti ipo tu, na ikiwa haikutajwa nani ataibeba, ataibeba yule asiye na nguvu. Kwa dada yangu iliwaangukia wafuga nyuki, na lawama ikamwangukia yeye.

Mnunuzi anapobonyeza kununua, kiwango cha dakika ile kifungwe na kuandikwa katika hati ya mauzo: shilingi kadhaa, dola kadhaa, kiwango kadhaa, tarehe fulani. Kama chupa ikivunjika njiani na mnunuzi akadai fedha zake, msianze kubishana kama arudishiwe kwa kiwango cha siku aliyonunua au cha siku anayorudishiwa. Jibu liwe limeandikwa tangu mwanzo.

Sasa niwape visa vidogo vidogo ambavyo vinaweza kumtia fundi katika fedheha. Shilingi si yetu peke yetu. Kenya wana shilingi, Uganda wana shilingi, Somalia wana shilingi. Mpwa wangu aliandika "Sh 15,000" na kuachia hapo. Mama mmoja wa Nairobi akamwandikia: "Kijana, hiyo asali imetengenezwa na nyuki au na sonara?" Alidhani ni shilingi za Kenya. Kwa kuwa shilingi moja ya Kenya ni takriban shilingi 20 zetu, yeye alisoma bei ya kama laki tatu kwa kilo! Kwa sababu hiyo ulimwengu umekubaliana kutumia herufi tatu kwa kila sarafu: TZS ni yetu, KES ya Kenya, UGX ya Uganda, USD dola ya Marekani, OMR riali ya Oman. Alama ya dola nayo hutumiwa na Kanada, Australia na wengineo. Andika herufi tatu, utalala usingizi.

Kisha kuna nukta. Riali ya Oman haigawanyiki mara mia kama shilingi. Inagawanyika mara elfu, kwa baisa. Dola 6.25 ni kama riali 2.403. Mnunuzi wa Muscat akiona 2.403 anaelewa mara moja: riali mbili na baisa mia nne na tatu. Mjerumani wa Berlin, ambaye kwao nukta hutenganisha maelfu na mkato ndio hutenganisha senti, ataisoma elfu mbili mia nne na tatu. Yeni ya Japani na shilingi ya Uganda, kwa upande mwingine, hazitumii senti kabisa. Baadhi ya mifumo ya malipo hutaka kiasi kitajwe kwa kipimo kidogo kuliko vyote: dola 6.25 iandikwe 625. Fundi aliyezoea kuzidisha kila kitu kwa 100 atampelekea Mganda wa shilingi 21,000 dai la shilingi 2,100,000. Programu lazima ijue kila sarafu ina desimali ngapi.

Hali kadhalika, fundi asitunze fedha kwa namba za desimali zile za kawaida za kompyuta. Kompyuta huhesabu kwa sifuri na moja, na kwa namna hiyo haiwezi kuandika moja ya kumi kwa ukamilifu, hubakiza kijisehemu. Kijisehemu kimoja hakionekani, lakini katika mauzo maelfu, hesabu za mwisho wa mwezi hukataa kulingana. Tunza senti nzima nzima, na kadiria mara moja tu, mwishoni. Wala usigeuze kilichokwisha kugeuzwa, yaani shilingi kuwa dola, ukakata senti, kisha dola hiyo kuwa yuro. Kila sarafu ihesabiwe kutoka kwenye shilingi ya msingi.

Jambo jingine ni la sheria, na wauzaji wa mijini walisikilize vizuri. Tarehe 28 Machi 2025, kwa Tangazo la Serikali namba 198, zilitoka kanuni za matumizi ya fedha za kigeni. Kanuni hizo zinakataza kutaja au kutangaza bei ya bidhaa na huduma za hapa nchini kwa fedha za kigeni, na kukataza kupokea malipo ya namna hiyo, isipokuwa katika mambo machache yaliyoorodheshwa. Duka la mtandaoni si kisiwa nje ya nchi. Mnunuzi aliyeko Singida, Dodoma au Dar es Salaam aonyeshwe shilingi na alipe shilingi. Anayeuza nje ya nchi azungumze kwanza na benki yake juu ya namna ya kutaja bei na kupokea malipo, kabla ya kumwagiza fundi chochote.

Tovuti hujaribu kubahatisha mnunuzi yuko nchi gani kwa kuangalia intaneti yake inatokea wapi. Huko ni kubahatisha tu. Mtanzania aliyeko Muscat kwa wiki mbili anaweza kuwa na kadi ya benki ya Singida mfukoni. Mwekeeni mahali pa kuchagua sarafu mwenyewe, na mkumbuke alichochagua.

Nisiwasahau wanunuzi. Mimi mwenyewe niliwahi kununua kinasa sauti kupitia tovuti moja ya ng'ambo. Wakati wa kulipa ikaniuliza kwa upole: je, ungependa kulipa kwa shilingi zako mwenyewe? Nikaona ni heshima, nikakubali. Baadaye nilipopiga hesabu nikakuta ukarimu ule ulikuwa na bei yake, kwa sababu kiwango walichonipa kilikuwa kibaya kuliko cha benki yangu. Mtego huu upo pia katika mashine za kutolea fedha za viwanja vya ndege. Umoja wa Ulaya, tangu Aprili 2020, unawalazimisha wanaotoa huduma hiyo kuonyesha ni asilimia ngapi wanaongeza juu ya kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya. Sisi tusingoje kulazimishwa. Ukiulizwa swali hilo, uliza kwanza: kwa kiwango gani? Usipojibiwa, mara nyingi ni nafuu kulipa kwa sarafu ya muuzaji na kuiacha benki yako ibadilishe.

Wapo watakaosema shida hii itakwisha Afrika ya Mashariki itakapokuwa na sarafu moja. Itifaki ya umoja wa fedha ilitiwa sahihi Kampala mwaka 2013, sarafu ikitarajiwa ifikapo mwaka 2024. Lengo hilo likasogezwa hadi 2031. Hata ikipatikana, Muscat na Berlin zitabaki na sarafu zao. Hesabu hii tutaendelea nayo.

Na dada yangu? Mpwa wangu alipanda basi akaenda Itigi. Kwenye kikao akaandika ubaoni mistari miwili, wa Oktoba na wa Desemba: 2,700 na 2,400. Akawazidishia mbele yao, akaomba radhi, akasema kosa ni lake, si la mama. Yule mzee aliyeuliza swali akanyamaza kitambo, kisha akasema kumbe dola nayo ina masika na kiangazi. Dada alibaki na funguo za kasha. Zile shilingi 331,200 hazikurudi. Kila mwanakikundi alipokea pungufu.

Tangu siku ile kitabu cha mauzo cha kikundi kina safu moja zaidi, iliyopigwa kwa rula na kalamu nyekundu. Juu yake imeandikwa: "Kiwango cha siku."

Ndugu msikilizaji, kama una duka mtandaoni, fungua ukurasa wako leo uone dola yako ni ya tarehe ngapi. Hadi juma lijalo, nakutakia biashara njema.